Ya Kale Hayanuki: Juu ya Kompyuta Iliyovishwa Miaka ya Sitini

Wasomaji wa kurasa hizi wataniwia radhi nikianza na jambo dogo. Sisi walimu aghalabu huyaendea maswali ya maadili kwa kupitia mambo makubwa, kama vita, utawala, ndoa na urithi, na jambo langu la leo halizidi upana wa kioo cha kompyuta. Hata hivyo limenikaa moyoni kwa miezi kadhaa, na sijui njia nyingine ya kulitua ila kuliandika.

Katika chumba cha walimu cha shule ambako, ingawa nimestaafu, bado huitwa kusaidia kusahihisha insha za Kiswahili, ipo kompyuta moja kuukuu inayotumiwa na kila mtu. Asubuhi moja nilipoiwasha nilidhani nimekosea chumba. Mahali pa ile rangi ya samawati tuliyoizoea palikuwa pamejaa maua makubwa ya rangi ya machungwa na zambarau. Herufi zilikuwa zimevimba na kujipinda kama moshi. Mshale tunaouendesha kwa mkono ulikuwa umegeuzwa ua. Kapu la taka limevishwa alama ya amani, lile duara lenye mstari wa kati na mikono miwili iliyoshushwa. Na kila nilipofungua jalada, gitaa lililia kidogo kisha likanyamaza. Aliyefanya hayo ni mwalimu wetu kijana wa jiografia, mtu mkarimu na mcheshi, ambaye hawezi kuona ukuta mtupu asibandike kitu. Alikuwa amesimama mlangoni akinitazama ninavyoshangaa.

"Mzee," akasema, "nimekurudisha ujanani. Hiyo ndiyo miaka ya sitini."

Nilicheka kwa dhati na kumshukuru, kwa sababu alikuwa amenikusudia wema. Lakini sentensi yake ya mwisho haikuniacha. Mwaka 1960 nilikuwa na umri wa miaka 6, na mwaka 1969 nilikuwa na miaka 15. Miaka ile niliipita yote kwa miguu yangu, sehemu kubwa bila viatu, na katika maua yale hapakuwa na hata moja nililolitambua. Je, kijana alikuwa amesema uongo? Na kama haukuwa uongo, ulikuwa ni kitu gani?

Kwanza tuelezane habari ya jambo lenyewe, kwani hata majina yake yana la kutufundisha. Mtu awashapo kompyuta, kile anachokiona kabla hajaanza kazi yoyote huitwa eneokazi. Neno hili ni zuri kuliko tunavyolidhania, maana linahifadhi sitiari ya asili. Wabunifu wa kampuni ya Xerox huko California, katika miaka ya 1970, waliamua kwamba kioo kifanane na meza ya karani, yenye karatasi zake na majalada yake, na mashine yao iitwayo Star ikatolewa sokoni kwa sura hiyo mwaka 1981. Meza ikishapatikana, mwenye meza hutaka kuipamba, na kampuni ya Microsoft ililitambua hilo. Pamoja na programu ya Windows 95, iliyotolewa Agosti 1995, iliuza nyongeza iliyoitwa Plus!, na ndani yake mlikuwa na mapambo kadha wa kadha yaliyokwisha kutayarishwa: wanyama hatari, michezo, Leonardo da Vinci, na miongoni mwa hayo, pambo lililopewa jina la miaka ya 1960 ya Marekani. Mtu alichagua mara moja tu, vyote vikabadilika kwa pamoja: picha ya nyuma, rangi za madirisha, umbo la mshale, alama ndogondogo, hata sauti. Tangu hapo wengi wamejitengenezea mapambo ya kwao. Siku hizi huitwa mandhari. Mimi ningalipendelea vazi, kwa sababu mandhari ni kile ukionacho ukisimama mahali fulani, na hapa hakuna mahali palipokwendwa. Lakini neno limekwisha kuota mizizi, nami si mtu wa kugombana na maneno yaliyoota mizizi.

Basi nikaanza kuuliza kila kipambo kimetoka wapi.

Herufi zile zilizovimba zilitoka San Francisco. Mwaka 1966 mchoraji Wes Wilson alikuwa akichora mabango ya matamasha ya muziki katika ukumbi wa Fillmore, akiyajaza maneno ndani ya maumbo hata yakawa magumu kusomeka. Hakuyabuni yote mwenyewe. Aliathiriwa na herufi za Alfred Roller, msanii wa Vienna wa mwanzoni mwa karne ya 20. Mwenzake, Victor Moscoso, alikuwa amesoma nadharia ya rangi kwa Josef Albers katika Chuo Kikuu cha Yale, kisha akaamua kutenda kinyume cha alichofundishwa: aliziweka rangi kali zinazogombana ubavu kwa ubavu ili jicho lisipate kutulia. Mabango yale yalikusudiwa kumsimamisha mpita njia ajitahidi kuyasoma. Hayakukusudiwa kutazamwa na mwalimu anayejumlisha alama za mitihani tangu asubuhi hadi saa kumi, na hilo nimelithibitisha kwa macho yangu mwenyewe, ambayo yaliuma siku mbili.

Na tazama: miaka ya 1960 yenyewe ilikuwa imevaa nguo za kuazima. Jijini London, katika Jumba la Makumbusho la Victoria na Albert, palifanywa maonyesho ya kazi za Alphonse Mucha mwaka 1963, na ya Aubrey Beardsley mwaka 1966, na vijana wakaichukua mistari ile ya zama za babu zao wakaitia katika mabango na nguo. Kwa hiyo mwenye kuitamani miaka ya 1960 kwa sababu ya michoro yake anawatamani watu ambao nao walikuwa wakitamani mwaka 1900. Sijui mnyororo huu unaishia wapi.

Alama ya amani nayo haikuzaliwa katika miaka ile. Gerald Holtom, msanii wa Kiingereza, aliichora mwaka 1958 kwa ajili ya maandamano ya Pasaka kutoka London hadi Aldermaston, palipokuwa na kituo cha silaha za nyuklia. Ndani ya duara aliunganisha ishara mbili za mawasiliano ya bendera, ya herufi N na ya herufi D, kwa maana ya kuziondoa silaha za nyuklia. Lakini alieleza pia kwamba alikuwa amejichora yeye mwenyewe, mtu aliyekata tamaa, amenyoosha mikono kuelekea chini na viganja vimegeuzwa nje. Huyo ndiye niliyemkuta juu ya kapu la taka.

Lililonifanya niache mzaha, hata hivyo, ni jambo linaloihusu mashine yenyewe. Tarehe 7 Aprili 1964 kampuni ya IBM ilitangaza kompyuta zake za System/360, mashine za kujaza chumba, za mashirika na serikali. Mwaka huohuo, katika Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, wanafunzi waliokuwa wakidai uhuru wa kusema waliichukua kadi ya kompyuta yenye matundu, kadi ileile iliyotumika kuwaandikisha masomoni, wakaigeuza kuwa ishara ya malalamiko yao. Wengine walijitundika kadi hizo vifuani. Walikuwa wakisema: mmetufanya matundu katika karatasi. Tarehe 2 Desemba 1964 Mario Savio alisimama kwenye ngazi za jengo la Sproul Hall, akaufananisha utawala wa chuo na mashine, akawahimiza wenzake waizuie kwa miili yao. Takriban wanafunzi 800 walikamatwa. Kwa vijana wale kompyuta ilikuwa uso wa kile walichokikataa, na sasa maua ya kizazi chao yamepandwa juu ya uso uleule.

Ningependa kuishia hapo, kwa kuwa kejeli hiyo inapendeza, lakini ukweli hauniruhusu. Tarehe 9 Desemba 1968, hapohapo San Francisco, Douglas Engelbart aliketi mbele ya mkutano wa wataalamu akaonyesha kwa muda wa dakika 90 kitu ambacho wengi wao hawakuwahi kukiona: maandishi yanayohaririwa kwenye kioo, watu wawili walio mbali wakifanya kazi katika ukurasa mmoja, na kijisanduku kinachosukumwa juu ya meza ili kuuongoza mshale. Kijisanduku hicho, ambacho cha kwanza kilichongwa kwa mti mwaka 1964, ndicho hiki tukiitacho kipanya. Na kule Menlo Park, ambako mashine yenyewe ilikuwa, mmoja wa walioshika kamera siku hiyo alikuwa Stewart Brand, ambaye Januari 1966 alikuwa miongoni mwa waandaaji wa tamasha kubwa la wale vijana wa muziki na maua. Kwa hiyo maua na mashine hayakuwa maadui wa kila siku. Walikuwapo watu walioingia nyumba zote mbili. Tena sehemu kubwa ya fedha za utafiti wa Engelbart ilitoka katika Wizara ya Ulinzi ya Marekani, katika mwaka ambao zaidi ya askari 16,000 wa nchi hiyo walikufa Vietnam, na Wavietnam wengi zaidi yao. Mtu afanyeje na habari kama hizo? Haziwezi kuchorwa zikawa ua.

Jambo la mwisho katika uchunguzi wangu lilikuwa hili. Katika kiangazi cha mwaka 1967 makumi ya maelfu ya vijana walimiminika mtaa wa Haight-Ashbury wa San Francisco, na waandishi wa magazeti na wenye maduka wakawafuata. Tarehe 6 Oktoba mwaka huohuo baadhi ya wenyeji wa mtaa walitengeneza jeneza, wakalibeba barabarani, wakafanya maziko. Waliyemzika ni yule kijana wa maua aliyetengenezwa na magazeti. Yaani kabla miaka ile haijaisha, wenyewe walikwisha kuona kwamba wanageuzwa vazi, wakapiga kelele.

Tunayo methali isemayo ya kale hayanuki. Na tusione haya kukumbuka neno zito linaloanzia methali hii vinywani mwa wazee, maana wao hawakuona haya. Aghalabu huisema mtu anayetaka kusamehe au kusamehewa: lililopita limekauka, halina harufu, tuliache. Ni methali ya rehema, na wengi tumeishi kwa rehema hiyo. Lakini nimeanza kuisoma kwa namna nyingine. Haisemi kwamba kilichonuka kilikuwa si kitu, wala haisemi kwamba kimesafishwa. Inasema tu kwamba pua imekoma kukisikia. Mwenye kupamba kioo chake kwa miaka ya 1960 anafaidi hali hiyo ya pua: moshi wa mabomu umekwisha, hewa ya kutoa machozi mbele ya polisi imekwisha, yamebaki maua. Tena hana hatia ya kuyatenda, alizaliwa baadaye.

Nilimweleza kijana wetu yote hayo wakati wa chai. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akanijibu vizuri kuliko nilivyotegemea.

"Mzee," akasema, "itazame kanga aliyojifunga yule mama anayetuletea chai. Ile korosho iliyochorwa pembeni, ilianza kwetu?"

Haikuanza kwetu. Umbo lile ni la Uajemi, likafumwa katika mashali ya Kashmir, likaigizwa na wafumaji wa mji wa Paisley huko Uskoti katika karne ya 19, na kwenye kanga tukalipa jina la tunda tunalolijua. Vijana wa miaka ya 1960 wa London na San Francisco nao walilivaa vilevile. Mama wa chai hana deni kwa mfumaji wa Kashmir aliyepoteza soko lake. Hakuna anayemtaka asimame kwanza aeleze historia kabla ya kujifunga kanga. Kila pambo duniani limesahau lilikotoka, na kama tungalikatazwa kusahau, tungalitembea uchi. Kijana alikuwa amenibana, na watu wawili katika chumba walicheka.

Nimeifikiri hoja hiyo muda mrefu, nami naikubali kwa sehemu yake kubwa. Ua ni ua. Rangi ya machungwa haina kosa. Sioni dhambi katika kuyapenda maumbo ya watu wengine, hata watu wa mbali, hata bila kuwajua. Lakini korosho ya kanga haisemi kwamba yenyewe ndiyo Kashmir. Imepita katika mikono mingi, kila mkono ukaibadili kidogo, ikaacha kuwa habari ya mtu yeyote ikawa umbo tu. Lile vazi la kompyuta lina kitu ambacho kanga haina, nacho ni jina. Limeandikwa miaka ya 1960. Pambo haliwezi kusema kweli wala uongo, kama vile chumvi isivyoweza; lakini mara ulipopewapo jina la wakati, umekuwa ushahidi, na ushahidi huulizwa maswali. Kijana wetu angalisema "Mzee, tazama maua", ningalitazama maua. Alisema "hiyo ndiyo".

Mtu ataniambia kwamba huo ni mchezo, na kila mtu anajua ni mchezo. Hilo ni kweli baina yangu na yeye. Mimi ninayo kumbukumbu ya kuliweka vazi hilo mahali pake, naye ni msomaji. Lakini juma lilelile nilikuwa na rundo la insha za kidato cha tatu juu ya maisha ya zamani, na mwanafunzi mmoja, mwenye Kiswahili kizuri sana, aliandika kwamba katika miaka ya 1960 watu duniani walikuwa na furaha, walipenda amani na walivaa maua. Nilimpa alama zake za sarufi. Mbele ya ile sentensi kalamu yangu ilisimama, kwa sababu mtoto hakuwa ameibuni. Alikuwa ameisoma mahali, pengine kwenye kioo cha aina hii. Mwaka 1960, mwezi Machi, polisi wa Afrika Kusini waliwaua watu 69 pale Sharpeville. Januari 1961 Lumumba aliuawa Katanga, ng'ambo ya mpaka wetu. Hapa Uganda bendera ilipandishwa tarehe 9 Oktoba 1962, nasi watoto tukapewa chai na mkate, na tarehe 24 Mei 1966 mizinga ikapigwa Mengo. Nikaandika pembeni swali moja: "Watu gani?"

Wazungu wana neno moja kwa hali hii ya kutamani yaliyopita, ambalo sisi hulieleza kwa maneno mawili au matatu, hamu ya kale, au ukiwa wa zamani. Neno lao lilibuniwa na mwanafunzi wa utabibu, Johannes Hofer, mjini Basel mwaka 1688, nalo lilikuwa jina la ugonjwa: Waswisi waliokuwa mbali na kwao walidhoofika kwa kutamani nyumbani, na dawa ilikuwa kuwarudisha. Mwanafalsafa Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1798 juu ya elimu ya binadamu, aliongeza jambo la busara na la kusikitisha. Alisema wagonjwa hao wakirudi kwao huvunjika moyo wakapona, kwa kuwa hawakuwa wakiutamani mji hasa, walikuwa wakiutamani ujana wao. Sasa, kama Kant alisema kweli, kijana wetu wa jiografia ana ugonjwa wa namna mpya, maana ujana anao, na wakati anaoutamani hakuwamo. Hawezi kurudishwa akavunjika moyo akapona. Nilimwonea huruma kidogo, kwa kiburi cha wazee. Kiburi hicho hakikudumu, na sababu yake ndiyo hasa iliyonifanya niandike.

Nilijisemea: nitamwonyesha miaka ya sitini ya kweli. Nina kompyuta ndogo niliyopewa na wanangu nilipostaafu. Ninayo pia picha moja ya mraba, ya rangi nyeusi na nyeupe, tuliyopigwa sisi na wazazi wetu mwaka 1965 katika chumba cha mpiga picha mjini. Baba ameketi kwenye kiti, amevaa koti. Mama ameketi kando yake. Mimi nimesimama katikati, kichwa kimenyolewa, kaptura mpya. Kijana alinisaidia kuinakili picha ile akaitandaza kioo kizima. Nikaongeza rangi ya kahawia ya karatasi za zamani, na kwa sauti ya kufungua jalada nikachagua kengele ya baiskeli, kwa sababu ya baiskeli ya baba. Siku ile nilikaa mbele ya kioo nisifanye kazi yoyote. Hapo hapakuwa na maua ya kuazima. Nilikuwa nimesema "hiyo ndiyo", na nilikuwa na haki ya kusema.

Dada yangu, anayenizidi miaka miwili, hunitembelea siku za Jumapili. Nilimwita aje aone. Alikuwa akibangua karanga. Akaja na ungo wake, akaketi, akavaa miwani, akatazama kwa muda mrefu.

"Mimi niko wapi?" akauliza.

Sikumwelewa mara moja. Kisha nikaona. Katika picha halisi dada ameketi mkekani, miguuni pa wazazi, kama wasichana walivyoketishwa. Kioo cha kompyuta siku hizi ni kipana na kifupi, na picha ya mraba ikitandazwa ili ikijaze, mashine hukata juu na chini bila kumuuliza mtu. Juu ilikuwa imekata pazia la mpiga picha. Chini ilikuwa imemkata dada. Palikuwa pamebaki nywele zake tu, nazo zilikuwa zimefunikwa na ule mstari wa alama ulio chini ya kioo.

"Ni upana wa kioo, dada," nikamwambia. "Mashine imekata."

"Ahaa," akasema. "Upana." Akarudi kwenye karanga zake.

Hakuwa na hasira, na sitaki msomaji adhani alikuwa nayo. Lakini kuna jambo ambalo yeye na mimi tunalijua, na ambalo halikupata kusemwa nyumbani kwetu kwa sauti. Mwishoni mwa mwaka 1966 baba aliona kwamba kahawa yake haitoshi karo ya watoto wawili. Dada alikuwa darasani mbele yangu na, niseme kweli, alinipita kwa hesabu. Alitolewa yeye, nikabaki mimi. Viatu nilivyovaa kwenda sekondari vilinunuliwa katika mwaka ambao yeye alikuwa akichuma kahawa. Ualimu wangu wote, insha zote nilizosahihisha, hata haya ninayoyaandika, yamesimama hapo. Nami nilikuwa nimeitazama picha ile juma zima, nikifurahia miaka yangu ya sitini, bila kuona kwamba mtu amekosekana.

Nimejaribu kujitetea. Nilisema ni mashine iliyokata, si mimi, na ni kweli kabisa. Lakini mashine haikunizuia kuona. Mchoraji wa lile vazi la maua naye angaliweza kusema kwamba hakuufuta Vietnam, bali nafasi ilikuwa ndogo. Kila picha ina ukingo, na aliye nje ya ukingo hakuwekwa pale kwa chuki mara zote. Mara nyingi huwekwa na upana wa kioo, na mwenye kutazama akiwa ameridhika, halitazami tena lile lililokatwa. Hapo ndipo nilipoona kwamba mimi na kijana wetu tulikuwa wagonjwa wa aina moja, tena yeye ana udhuru kuliko mimi. Yeye alikuwa amewaacha nje watu asiowajua.

Wako watakaosema basi tuache mapambo yote, tufanye kazi mbele ya rangi ya samawati. Siwaungi mkono. Mtu asiyekuwa na picha yoyote ya kale hana hata pa kukosolewa. Dada yangu asingalikuwa na cha kuuliza. Swali lake liliwezekana kwa sababu picha ilikuwapo na kwa sababu yeye alikuwapo, hai, na ungo mapajani. Wa San Francisco wangali wapo baadhi, wazee sasa. Wa Sharpeville wanao wana na wajukuu. Nadhani aliye na haki ya kwanza ya kulihukumu vazi la wakati fulani ni yule ambaye wakati huo ulimketisha chini, na ni shida kumpata, kwa kuwa yeye aghalabu hana kompyuta.

Nilimrudia kijana nikamwomba anionyeshe namna ya kuifanya picha ionekane yote. Alibonyeza mara mbili. Picha ikajivuta ikawa ndogo, pande zote mbili za kioo zikabaki nyeusi tupu.

"Haipendezi sana, Mzee," akasema.

Kweli haipendezi. Kompyuta ya chumba cha walimu bado ina maua yake, wala sikumwomba ayaondoe. Siku chache baadaye niliona kapu la taka limerudishiwa sura yake ya kawaida, na lile vazi, ukilitafuta katika orodha, sasa limeandikwa "Mabango ya San Francisco, 1967". Hakuniambia neno, nami sikumuuliza.

Dada bado huja Jumapili, na mara nyingine huniambia nimfungulie ile picha. Jumapili iliyopita aliutazama mkeka kwa muda, akaniambia kwamba haukuwa wetu; ulikuwa wa mpiga picha.